Nguo Iliyonunua Watu, na Watu Wanaoshona Nguo

Kabla ya shilingi kufika Sangailu, fedha ya nchi hii ilikuwa nguo. Waaweer, ambao serikali na magazeti huwaita Waboni, waliwinda ndovu msituni. Pembe zikashuka Lamu, Siyu na Pate, na kilichopanda kurudi kikawa kitambaa. Mikono minne ilihesabiwa shuka. Shuka mbili, doti. Jora zima, yapata yadi 30, lilikuwa mali ya mtu mkubwa. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Sangailu, nina duka na darasa la ushonaji mjini Garissa, na kitambaa nakijua kwa vidole: nikikigusa gizani nitakwambia kama ni pamba au poliesta. Katika nchi hii ya kati ya mto Tana na mto Juba, kitambaa hicho kilinunua pembe, kikanunua ng'ombe, na kikanunua watu.

Nayaandika haya kwa sababu siku hizi naulizwa sana kuhusu kazi ya kuwaajiri kwa ushonaji wanawake na vijana waliotoka mikononi mwa walanguzi wa binadamu. Wengi wanaiona kuwa jambo geni lililoletwa juzi na mashirika ya Nairobi na ya ng'ambo. Pwani na bara yetu zimekuwa zikilijua jambo hili kwa karibu miaka 150, na anayelifanya leo bila kuijua historia hiyo yumo hatarini kuwatendea manusura kama walivyotendewa waliokombolewa zamani: kuwavua mnyororo, kisha kuwanyima ujira.

Kwa asiyepajua, Sangailu ni wadi ya eneo bunge la Ijara, kusini kabisa mwa kaunti ya Garissa. Ukishuka kusini unaingia msitu wa Boni na kaunti ya Lamu. Ukielekea mashariki unafika mpaka wa Somalia. Jirani zetu ni Hulugho, Bodhai, Ijara na Masalani. Wakazi wengi ni Wasomali wa ukoo wa Abdalla, wafugaji wa ng'ombe, na pamoja nasi wako Waaweer, warina asali ambao msitu wanaujua kuliko mtu yeyote. Tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni ilipoanza mwaka 2015, jina la Sangailu likitajwa redioni watu huinua masikio wakingoja habari za bomu la barabarani. Ndiyo maana naanza mbali zaidi.

Naanzia Mogadishu, mwaka 1331, alipofika Ibn Battuta. Msafiri huyo aliandika kwamba nguo za mji huo hazikuwa na mfano na zilipelekwa hadi Misri. Wafumi wa Benadir walikaa miguu ikiwa shimoni, kitanda cha mfumi kikiwa mbele yao, wakafuma ile nguo ambayo bibi zetu waliijua kwa jina la alindi na ambayo mwanamke wa Kisomali aliifunga guntiino, fundo moja begani. Ilikuwa nguo nzito, ya kudumu. Ayeeyo, yaani bibi yangu, alikuwa na kipande cha namna hiyo kilichokuwa kimerithiwa, na alikuwa hakifui kwa sabuni ya kawaida. Mimi mtoto nilidhani kila mtu duniani ana nguo ya kurithi.

Pamba ya nguo hizo ililimwa bonde la mto Shebelle. Karne ya 19 ilipoingia, mahitaji ya nafaka, ufuta na pamba yakapanda, na wenye mashamba wakatafuta mikono. Mikono hiyo ililetwa kwa majahazi kutoka kusini: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo, Wazigua, walionunuliwa Kilwa na Zanzibar na kuteremshwa Barawa, Marka na Mogadishu. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1800 na 1890 watumwa waliopelekwa pwani ya Somalia walikuwa kati ya 25,000 na 50,000. Kwa hiyo nguo tuliyojivunia, nguo ya heshima ya harusi zetu, sehemu ya pamba yake ilichumwa na mtu aliyeibiwa kwao. Nalisema hili nikiwa Msomali na nikiipenda alindi.

Na kulikuwa na nguo nyingine, ya bei rahisi zaidi, iliyokuja kutoka mbali zaidi. Marekani ilifunga mkataba na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na meli za mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, zikaanza kumwaga Zanzibar majora ya pamba isiyotiwa rangi. Watu wakaiita merikani. Mwaka 1839 palianzishwa hukohuko Salem kampuni ya viwanda vya nguo iitwayo Naumkeag, na nguo zake zikawa na wateja wengi upande wetu. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani. Jora likafika Zanzibar, likabadilishwa kwa pembe na gundi ya sandarusi, likabebwa bara, na huko bara likawa miongoni mwa vitu vilivyolipa bei ya mateka. Mtumwa wa Alabama na mtumwa wa Kilwa hawakuonana kamwe, lakini uzi ulikuwa mmoja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, majora ya Salem yakaadimika, viwanda vya Bombay vikachukua nafasi, na jina merikani likabaki hata kwa nguo ya Kihindi.

Upande wetu wa kaskazini mambo yalizidi baada ya biashara kupigwa marufuku. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na soko la Zanzibar likafungwa. Wafanyabiashara hawakuacha, waliacha bahari. Wakawatembeza watu kwa miguu kufuata pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini, na sehemu ya misafara hiyo ilivuka ng'ambo ya Lamu na kuendelea hadi Kismayu na Barawa. Njia hiyo ilipita mashariki mwa kwetu, karibu na bahari, katika nchi ya mikoko na vichaka ambayo visima vyake ni vichache na vya chumvi. Mwaka 1876 Barghash akatoa tangazo jingine la kukataza misafara ya nchi kavu. Miaka ile mitatu, kati ya marufuku moja na nyingine, ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa kuwa inaonyesha jinsi mlanguzi anavyofanya kazi hata leo. Ukimzibia bandari anapita msituni, na anayelipa gharama ya njia ndefu ni yule anayetembezwa.

Kuna sura nyingine ambayo kwetu haisemwi hadharani. Miaka ya 1860 Wasomali wa ukoo wa Darod walipovuka Juba na kuwashinda Waorma, wanawake na watoto wengi wa Kiorma walichukuliwa mateka. Baadhi waliuzwa Lamu na Barawa, na baadhi walibaki katika nyumba za Kisomali wakawa watumishi, wake, na mama za watu. Nchi tunayochungia leo ilipatikana katika vita hivyo. Siwataji wazao wa mtu, na sina haki ya kuwataja. Nasema tu kwamba msichana wa leo akirudi kijijini baada ya kutoroka utumwani na watu wakaanza kunong'ona kuhusu ukoo wake, wananong'ona juu ya historia yao wenyewe.

Walikuwapo pia waliojikomboa wenyewe, na hao ndio nawapenda zaidi katika hadithi hii yote. Watumwa wa mashamba ya Shebelle walianza kutoroka mapema, miaka ya 1830 na 1840, wakaingia misitu ya chini ya mto Juba, mahali palipoitwa Gosha. Wazigua miongoni mwao wanasimulia hadi leo kwamba kiongozi wao wa kutoka utumwani alikuwa mwanamke, mwenye kuona mambo, jina lake Wanankhucha. Nia yao ilikuwa kurudi kwao, upande wa Handeni. Walifika Juba wakakaa. Walifyeka msitu wakalima, wakalinda vijiji vyao kwa silaha, na kufikia miaka ya 1880 Gosha ilikuwa na kiongozi wa kuogopwa, Nassib Bundo, mwenye asili ya Kiyao, ambaye masultani na mabalozi walilazimika kuzungumza naye kama mtu mwenye nchi yake. Walipata nguo zao kwa kuuza nafaka na pembe waliyoitafuta wenyewe.

Vitukuu vyao walipita hapa kwetu. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 walikimbilia Dadaab, katika kaunti hiihii ya Garissa, kambi za Ifo, Hagadera na Dagahaley. Baadhi yao, wapatao 12,000, walikubaliwa Marekani, na safari zikaanza mwaka 2003. Wengine, Wazigua, walikuwa wamekwenda Tanzania, wakapewa makazi Chogo, Handeni, karibu kabisa na mahali ambapo mababu zao walitekwa, na mwaka 2014 serikali ya Tanzania ikawapa uraia. Safari aliyoianza Wanankhucha ilichukua zaidi ya miaka 150 kukamilika. Wakati wakiwa Dadaab nilishona na wanawake wa jamii hiyo, na mikono yao kwenye pindo ni ya ustadi mkubwa.

Sasa nirudi kwenye nguo yenyewe, kwa sababu pwani nguo ilikuwa kitabu kilichosomwa mwilini. Mtumwa alivaa merikani, nyeupe ya kuchafuka upesi, na mwanamke mtumwa mara nyingi aliitia rangi ikawa kaniki, nyeusi inayokaribia buluu. Kichwa hakikufunikwa, miguu haikuvishwa viatu. Lamu, jirani yetu wa karibu, mwanamke wa kiungwana alipotoka nyumbani alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa wa kike pande zote ili asionekane. Nimeifikiria sana shiraa hiyo kama fundi. Ilikuwa nguo ambayo haikuvalika bila watumwa: anayestiriwa ni mmoja, na wanaomstiri wako nje, juani, vichwa wazi. Utumwa ulipokoma hapakuwa tena na wa kuibeba, shiraa ikafa, na buibui likachukua nafasi. Buibui mtu hulivaa peke yake, na waliokuwa wamebeba shiraa nao wakalivaa.

Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa tarehe 6 Aprili 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Upande wa Kenya sheria ilikuja 1907. Kote kuwili serikali ilitenga fidia, na fidia hiyo ililipwa kwa mabwana. Aliyefanya kazi miaka 30 bila ujira alipewa cheti cha uhuru. Alitoka shambani na nguo aliyoivaa.

Na wanawake wengi walipoipata senti yao ya kwanza ya uhuru walinunua kanga. Zilikuwa zimeanza kuvaliwa miaka ya 1870 na 1880, na mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak akafungua duka lake Mombasa, duka ambalo kanga zake, Mali ya Abdulla, tunazinunua bado. Waliokuwa watumwa waliitupa kaniki na merikani, wakafunga doti la rangi, wakajifunika vichwa, na kwa kufanya hivyo wakatangaza mtaani kwamba hawana bwana. Picha za mwanzo wa karne ya 20 zinawaonyesha wamesimama wima, kanga imebana kifuani, wanamtazama mpiga picha moja kwa moja. Baadhi ya wazee wa mji walilalamika kwamba sasa huwezi kujua nani ni nani. Wanawake wale walikuwa wamekusudia hilo hasa.

Kazi ya kuwashonesha waliookolewa nayo ilianza enzi hizo. Mwaka 1875 wamisionari wa shirika la Kiingereza la CMS, wakiongozwa na William Salter Price, walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu walioteremshwa kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Wavulana walifundishwa useremala na kilimo, wasichana wakafundishwa kushona, kufua na kupika. Waliokoa maisha ya watu, na kengele yao bado inaonekana barabarani Kisauni. Lakini makazi hayo yaliendeshwa kwa amri. Mapema miaka ya 1880 msimamizi wake, J. R. Streeter, aliingia katika kashfa kubwa kwa sababu ya viboko na vifungo alivyowapa wakazi, watu walewale waliokuwa wametolewa utumwani. Wengine walitoroka Freretown, kama walivyotoroka shambani. Mwishoni mwa muongo huo ikagunduliwa kwamba vituo vya misheni kama Rabai vilikuwa vimewahifadhi watoro wengi, na tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ikawapa uhuru zaidi ya 1,400 kwa kuwalipa mabwana wao.

Freretown naifikiria kila ninapofungua mlango wa darasa. Nyumba ya kuokoa watu ni rahisi kugeuka boma. Aliyeokolewa anashukuru, na mwenye nyumba anazoea kushukuriwa, kisha anaanza kuona kwamba anadaiwa utii. Saa za kazi zinaongezeka, ujira unaitwa posho, na posho inakatwa chakula na malazi. Wote wanaendelea kusema kwamba hii ni rehema. Nimeyaona hayo katika darasa moja la ushonaji nisilolitaja, ambako wasichana walishona mikoba mwaka mzima wakaondoka na vyeti tu.

Ulanguzi wenyewe haujaondoka kwetu. Mwaka 1925 mpaka ulisogezwa, Kismayu na sehemu kubwa ya Jubaland ikapewa Italia, na Sangailu ikabaki ukingoni mwa Kenya, katika nchi iliyotawaliwa kwa vibali na vizuizi vya barabarani. Palipo na mpaka na umaskini pana dalali. Wako vijana wa Kisomali na Kiethiopia wanaopitishwa Garissa usiku kuelekea Nairobi na kusini zaidi. Wako dada zetu wanaoahidiwa kazi za nyumbani Ghuba. Na msitu wetu wa Boni uliingia katika hadithi mbaya kuliko zote: mwaka 2017 BBC ilitangaza ushuhuda wa wanawake wa pwani ya Kenya waliosema walidanganywa kwa ahadi za kazi, wakavushwa hadi Somalia, wakashikwa na al-Shabaab wawe watumwa wa wapiganaji. Baadhi walirudi na watoto. Waliporudi wengi walijificha, wakiogopa polisi wawaone magaidi na majirani wawaone najisi. Mwanamke anayejificha hawezi kwenda kuomba kazi.

Kenya ina sheria kali, ya mwaka 2010, inayompa mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, na sheria hiyohiyo ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waathiriwa. Mwaka huohuo wa 2010 lilianzishwa Nairobi shirika la HAART, ambalo kazi yake yote ni ulanguzi wa binadamu na lina nyumba ya kuwahifadhi walionusurika. Hayo ni mambo mema. Lakini siku ya kutoka nyumba ya hifadhi hufika, na swali la siku hiyo ni lile la mwaka 1907: atakula nini, na kwa mkono wa nani?

Nilikuwa na mwanafunzi aliyerudi kutoka nchi moja ya Ghuba. Aliahidiwa kazi ya saluni, akafungiwa nyumbani kwa watu, pasipoti ikachukuliwa, na wakala aliyempeleka akawa anapokea sehemu ya mshahara wake kila mwezi. Alikuwa mwepesi wa mkono. Baada ya muda nilimpa kazi ya oda ya baati za harusi, magauni mapana ya Kisomali, na ilipokwisha nikamhesabia pesa zake mezani. Akazihesabu tena. Kisha akagawa mafungu mawili, akasukuma moja upande wangu.

"Eeddo, hii ni yako."

"Yangu ya nini?"

"Ya kunipatia kazi."

"Eeddo," nikamjibu, maana kwetu shangazi na mtoto huitana kwa jina lilelile, "kazi umeifanya wewe. Zirudishe mfukoni."

Hakuzirudisha mara moja. Alizitazama. Nilijifanya natafuta bobini kwenye droo ili apate nafasi, kwa kuwa mtu hapendi kutazamwa anapohesabu upya maisha yake. Tangu siku ile nimeweka daftari la malipo: oda, vipande alivyoshona, bei ya kila kipande, jumla, sahihi au dole gumba. Kila fundi anaweza kulifungua daftari na kuona niliuza kwa kiasi gani. Wenzangu wa soko wananiambia nitafilisika. Sijafilisika.

Nairobi yako mambo niliyojifunza kwayo. Heshima Kenya, shirika lililoanzishwa mwaka 2008 na ambalo sasa linaitwa RefuSHE, lilichukua wasichana wakimbizi walio peke yao, wa Somalia, Kongo, Ethiopia na kwingineko, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa njiani, likawapa nyumba salama na masomo, na likaunda kundi la Maisha la kutia rangi na kuuza skafu. Nimezishika skafu hizo. Rangi imekolea sawasawa na pindo zimekunjwa kwa mkono. Mnunuzi hana haja ya kuzionea huruma. Mwaka 2009 kituo cha biashara cha kimataifa cha Geneva, ITC, kilianzisha Kenya mpango wa mitindo ya haki chini ya Simone Cipriani, na mafundi wa mitaa ya Nairobi wakashona mikoba ya mbunifu wa mitindo Vivienne Westwood. Kaulimbiu ya mpango huo ni kwamba hii ni kazi, siyo sadaka. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Mwaka 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Bangladesh na kuua washonaji zaidi ya 1,100, na wanunuzi wa Ulaya wakaanza kuuliza nani ameshona nguo zao. Swali hilo limefungua mlango, na mafundi wetu wapite.

Lakini kuna desturi moja ya biashara hii ninayoipinga waziwazi. Ni kuweka uso wa manusura kwenye lebo, na chini yake hadithi fupi ya alivyouzwa na alivyookolewa, ili mkoba uende haraka. Msichana yule ameuzwa mara moja. Huku kwetu, ambako habari zinafika kijijini kabla ya mtu kufika, picha hiyo inaweza kumfungia ndoa, kumfungia nyumba ya mama yake, hata kumrudisha mikononi mwa waliomchukua. Wale wanawake wa 1900 walivaa kanga ili wasitambulike tena kuwa watumwa, na fundi wa leo ana haki hiyohiyo. Nguo iseme imeshonwa Garissa, iseme fundi amelipwa kiasi gani, inatosha.

Naipinga pia ile tabia ya kushona vitu visivyovaliwa hapa. Mkoba wa maonyesho huuzwa mara moja kwa mwaka, mgeni akija. Dirac, baati, shungi za shule, macawis za kukunja, mapazia, hivyo ndivyo Soko Mugdi la hapa Garissa hununua kila siku. Waliokuwa Gosha waliishi kwa nafaka ambayo kila mtu alihitaji, na ndiyo maana walidumu bila kufadhiliwa na mtu. Pesa za ng'ambo nazikaribisha zikija. Fundi ambaye chakula chake kinategemea huruma ya mnunuzi mmoja wa London bado ana bwana.

Na wateja wakubwa tunao hapa nyumbani. Tangu mwaka 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kaunti ya Garissa inanunua mashuka ya hospitali, mapazia ya wodi, sare za askari wake na za watoto wa chekechea, na mengi ya hayo nayaona yakishuka kutoka lori za Nairobi yakiwa yameshonwa tayari. Cherehani ya kukanyaga haihitaji stima, wala haihitaji barabara ya lami. Kumi tu zikikaa Sangailu na kumi Hulugho, zinatosha kushona mashuka ya zahanati zote za Ijara. Ninachoomba kaunti ni zabuni ya mashuka hayo, kwa vikundi vya wanawake vilivyosajiliwa hukohuko, bila kuuliza nani kati yao alitoka wapi, na malipo ndani ya siku 30 tangu mzigo upokewe, kwa sababu kikundi kisicho na akiba kikicheleweshewa malipo mwaka mzima kitakopa kwa dalali, na dalali tunamjua.